Orodha ya Jumamosi

3 Machi
Chumba cha kusomea, Nyaraka

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa penseli, usidhani nimeishiwa wino. Humu kalamu ya wino ni marufuku, simu inabaki kwenye kabati mlangoni, na mtunza nyaraka anasikia hata mtu akifungua peremende. Isitoshe, msimamo wako naujua: simu ni ya kujuliana hali, jambo la maana huandikwa.

Jambo langu ni hili. Tasnifu inakwenda, lakini sura ya tatu imenikwama kooni. Sura ya kwanza ni kiwanda cha viberiti chenyewe. Ya pili ni mgomo: Ijumaa tarehe kumi, wanawake wa chumba cha kufungashia wanakaa chini kando ya meza zao na kukataa kutoka zamu ilipokwisha, mpaka meneja aondoe makufuli ambayo milango ilikuwa ikifungwa nayo kwa nje wakiwa kazini. Hayo nina ushahidi wake wa kutosha. Ya tatu ndiyo yenye shida. Jumatatu wanaitwa ofisini mmoja mmoja kuhojiwa. Jumanne orodha inabandikwa mlangoni, majina arobaini na moja, wote wamefukuzwa. Je, meneja aliwajuaje? Wafanyakazi wa zamu ile walikuwa sabini, na yeye hakukanyaga chumba kile hata mara moja.

Nimehoji wanawake wanne kati ya wale arobaini na moja. Wote wanne wametaja jina lilelile: Bi Gundi, jirani yako. Wanasema alikaa nao chini usiku kucha, wakamwona kwa macho yao. Jumatatu alikaa ofisini kuliko wenzake wote. Na Jumanne jina lake halikuwepo. Mmoja aliniambia, “Mwanangu, mbwa akitoka jikoni analamba midomo, utamuuliza alikuwa wapi?”

Kwa hiyo nimeandika hivyo, kwamba aliyewataja wenzake ni yeye. Rasimu ya sura nimeiweka humu ndani. Nakuomba uisome, kwa sababu ulikuwa mpiga chapa wa ofisi ile na hukosei tarehe. Msimamizi wangu, ambaye wanafunzi tunamwita Mwalimu Ushahidi, anataka kila sentensi iwe na tanbihi inayoonyesha ilikotoka. Anasema sentensi isiyo na chanzo ni mgeni asiye na mwenyeji.

Kwenye magazeti nimegonga mwamba. Ya mwezi ule, kuanzia tarehe kumi na mbili, mchwa wameyamaliza. Nilifungua jalada nikakuta unga.

Mwanao,
Msomi (kama unavyoniita ukitaka kunicheka)

*

8 Machi
Nyumbani

Msomi wangu,

Marahaba. Nimeisoma rasimu mara mbili. Kiswahili chako kinanyooka siku hizi, ila ukurasa wa saba umeandika “wafungashaji” mara kumi na moja, nimehesabu.

Sasa nisikilize. Hilo la Bi Gundi lifute. Si kweli. Orodha ile haikutokana na mdomo wa mtu. Ilitengenezwa Jumamosi, siku mbili kabla mwanamke yeyote hajaulizwa swali. Walizitumia kadi za mahudhurio. Kila mfanyakazi aligonga kadi yake kwenye saa ya mlangoni akiingia na akitoka. Waliokataa kutoka Ijumaa kadi zao hazikuwa na mhuri wa kutoka. Basi karani alizitoa kwenye ubao wa kadi zile zisizo na mhuri, zikawa arobaini na moja. Yale mahojiano ya Jumatatu yalikuwa danganya toto, ili wanawake watazamane vibaya wenyewe kwa wenyewe na wasimtazame meneja. Na walitazamana kweli.

Unauliza chanzo. Liliandikwa gazetini. Nakumbuka vizuri, Alhamisi tarehe kumi na sita, ukurasa wa tatu, safu ya kushoto, chini. Jina la gazeti ni lile ambalo umeshalitumia katika sura ya pili. Weka hivyo kwenye tanbihi yako, uendelee na mambo mengine.

Kula. Mara ya mwisho shingo yako ilikuwa kama ya kuku wa mgonjwa.

Shangazi yako

*

13 Machi

Shangazi,

Sijui nikushukuru vipi. Nilikuwa nimebakisha kidogo tu nimwandike mtu mzima kuwa msaliti, na kitu kikishaandikwa na chuo hakifutiki kama maneno ya foleni ya maji. Nimeifumua sura yote na kuishona upya. Tanbihi ya ishirini na saba sasa ni gazeti lako: jina, tarehe, ukurasa wa tatu. Sikulalia kitanda mpaka nilipomaliza, nililala juu ya meza, na niliamka na alama ya rula shavuni.

Nimeikabidhi leo asubuhi. Nilipotoka nilijikuta nacheka peke yangu kwenye ngazi.

Mwanao

*

4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Naomba usome barua hii ukiwa umekaa.

Jana Mwalimu Ushahidi aliniita. Ana rafiki mkutubi katika mji mwingine, na huko magazeti ya mwezi ule ni mazima. Alimwomba picha ya ukurasa wangu kwa sababu, alisema, habari ile ilimfurahisha mno na alitaka kuisoma mwenyewe. Aliniwekea karatasi mbele. Alhamisi tarehe kumi na sita, ukurasa wa tatu. Kuna matokeo ya mpira, tangazo la cherehani iliyopotea, na barua ya mtu anayemlalamikia mbwa wa jirani. Safu ya kushoto, chini, ni tangazo la sabuni. Alikwishapekua na siku sita zinazofuata. Hakuna.

Aliniuliza kama nililiona gazeti hilo kwa macho yangu. Nikasema hapana. Akauliza nani aliniambia. Sikukutaja, kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia: “Kosa lako si kumwamini mtu. Kosa lako ni kuandika kana kwamba umeona. Ukisimuliwa, sema umesimuliwa, na useme na nani.”

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Nisipoonyesha chanzo cha kweli, jambo linakwenda kwenye kamati kama ushahidi wa kubuni, na mwaka wangu umekwenda na maji. Lakini si hilo tu. Amesema tanbihi ikianguka na hoja yake inaanguka, na nitalazimika kurudi kwa mashahidi wangu wanne. Maana yake ni Bi Gundi. Atarudi kwenye sura ya tatu kama msaliti, na safari hii kwa mkono wangu.

Shangazi, pengine ulichanganya tarehe? Pengine ni gazeti jingine? Niambie chochote.

Mwanao

*

8 Aprili

Mwanangu,

Pole sana. Pengine nimechanganya. Umri nao ni mwizi. Jaribu magazeti ya wiki iliyofuata, au ya mwezi uliofuata. Na kama hayapo, basi iache sura ya tatu, andika tu kwamba walifukuzwa. Si lazima kila kitu kijulikane.

Mguu unanisumbua, sitaandika kirefu.

Shangazi yako

*

11 Aprili
Chumba cha kusomea

Shangazi,

Wewe unayekumbuka siku niliyong'oka jino la kwanza na hali ya hewa ya siku hiyo, leo umri umekuwa mwizi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Baada ya barua yako sikutafuta gazeti lolote. Nilijaza fomu ya kuomba masanduku ya kiwanda, yale ambayo hayajapangwa bado, na mtunza nyaraka aliniletea tisa akiwa amenuna. Katika sanduku la sita niliipata orodha yenyewe. Karatasi moja, imepigwa chapa, majina arobaini na moja. Kwa dakika nzima nilifurahi. Kisha nikasoma tarehe. Ni Jumanne tarehe kumi na nne. Si Jumamosi. Yaani karatasi pekee iliyobaki duniani inasema orodha ilitengenezwa baada ya mahojiano, kama wale wanawake wanne wanavyosema, na kinyume na unavyosema wewe.

Chini kushoto kuna herufi za meneja, alama ya mkwaju, halafu herufi mbili ndogo za mpiga chapa. Ulinifundisha mwenyewe desturi hiyo nikiwa darasa la nne, tukicheza ofisi: mwenye barua kwanza, mwenye vidole baadaye. Herufi hizo nimeziona kwenye kila barua uliyowahi kunipigia.

Niliirudisha karatasi sandukuni. Nilikaa. Mtunza nyaraka alikuja kuniuliza kama naumwa, na huyo ni mtu ambaye hasalimii.

Kwa hiyo ni wewe uliyeipiga. Sijui nifikiri nini. Nimejaribu kukutetea kichwani mwangu na kila utetezi unahitaji kitu ambacho hujaniambia. Ulinipa gazeti la uongo kwa sababu nilikuambia mchwa wameyala, sivyo? Ulijua hakuna atakayeangalia. Ulimlinda Bi Gundi kwa uongo, na sasa uongo umeanguka na yeye yuko chini yake, na mimi pia.

Mbona ukimwona unavuka barabara?

Sikuandikii kama mtafiti. Nakuandikia kama mtoto uliyemlea.

Mwanao

*

20 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne kwenye mashine na mara nne nimeitoa. Kwa hiyo naandika kwa mkono. Utavumilia mwandiko.

Jumamosi tarehe kumi na moja, saa tatu asubuhi, karani aliniletea rundo la kadi na kuniambia nipige majina kwa mpangilio wa namba za kadi. Nilipiga. Niliyajua karibu yote. Nusu yao nilikula nao chakula cha mchana kila siku. Tarehe niliyoweka ilikuwa ya Jumamosi, kwa sababu ndiyo ilikuwa leo, na mpiga chapa huandika tarehe ya leo. Jumanne asubuhi meneja aliniita, akaitazama, akasema nipige nyingine yenye tarehe ya Jumanne na hiyo ya kwanza niichane mbele yake, pamoja na nakala ya kaboni. Nikachana. Uliyoiona ni ya pili.

Sasa la Bi Gundi. Jina hilo mimi ndiye niliyempa. Alikuwa anabandika lebo kwenye maboksi, na alikuwa rafiki yangu kuliko dada. Ijumaa mchana alinijia anacheka, kadi yake ya mahudhurio imegandana na lebo tatu za viberiti, haisomeki. Kazi ya kupiga kadi mpya ilikuwa yangu. Niliiweka mezani nikasema ataipata jioni. Jioni hiyo wakakaa chini.

Kwa hiyo Jumamosi karani alipotoa kadi ubaoni, ya Bi Gundi haikuwepo. Ilikuwa kwenye droo yangu. Niliona hivyo nilipofika namba yake na nikakuta imerukwa. Sikusema. Nilijua ana watoto watatu na mume asiyeshikika. Nikasema moyoni, mmoja angalau huyu.

Jumatatu alipoingia kwa meneja, meneja hakuona kadi yake. Alitafuta, akamwita karani, wakapekua, wakamkalisha pale anangoja. Kama dakika arobaini. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, magoti yangu yamebana droo. Mwishowe walimwambia aende.

Nilimwokoa kazi, nikamuua jina. Nilidhani maneno yatapoa baada ya mwezi. Hayakupoa. Ningesema niliificha kadi, ningesema pia nani alipiga orodha, na kwamba niliijua tangu Jumamosi na nikaenda nyumbani kula bila kumwonya mtu hata mmoja. Wale wanawake ndio wanaoniletea supu nikiugua. Miaka thelathini na moja nimekula supu yao.

Mwanzo nilikuwa nikimtembelea. Kila mara alinikaribisha vizuri, na vizuri vyake vilinichoma. Nikaanza kuvuka barabara.

Ulisema mwalimu wako anataka useme nani amekusimulia. Basi andika. Jina langu kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kazi yangu ya wakati ule, tarehe ya barua hii. Usiweke “mtoa habari mmoja”. Nimekuwa mtoa habari mmoja kwa muda mrefu wa kutosha.

Shangazi yako

*

27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na safari hii naitamka polepole.

Niliipeleka barua yako kwa Mwalimu Ushahidi. Aliisoma amesimama dirishani, akaisoma tena amekaa. Alisema shahidi mmoja dhidi ya wanne ni mlima. Nikamwambia wale wanne walikuwa nje ya mlango na huyu alikuwa ndani. Akasema, “Vizuri, na karatasi yenyewe inasema nini?” Nikamjibu inasema Jumanne. Akasema, “Hiyo ni tarehe. Nimekuuliza karatasi.”

Nilirudi kwenye sanduku la sita. Shangazi, sikuwa nimeitazama ile karatasi hata kidogo. Nilisoma tarehe, nikasoma herufi zako, nikaumia. Majina yamepangwa kwa namba za kadi, kutoka ndogo hadi kubwa, bila kosa. Nani anayewasaliti wenzake kwa mpangilio wa namba za kadi? Mtu angewataja kwa meza, kwa urafiki, kwa ugomvi. Na namba ya Bi Gundi, niliyoipata kwenye daftari la ajira, inaangukia pale hasa ulipoona pengo. Karatasi imekuwa upande wako muda wote huu.

Amekubali. Haiendi kwenye kamati. Tanbihi ya ishirini na saba inasomeka sasa: jina lako, mpiga chapa wa ofisi ya meneja, barua kwa mwandishi, tarehe ishirini Aprili. Chini yake nimekiri kosa langu la gazeti kwa mistari miwili. Mwalimu alitaka mmoja, mimi nikaona nastahili miwili.

Imebaki jambo moja, na haliko mikononi mwangu. Tasnifu itawekwa maktaba mwezi wa sita, na mtu yeyote ataweza kuisoma. Bi Gundi asiwe wa mwisho kujua. Sitaki aambiwe na mimi. Nenda, Shangazi. Kama mguu unasumbua, ni nyumba nne tu.

Sijaacha kukupenda. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo, lakini imekaa mahali pake.

Mwanao

*

9 Mei

Kwa mtoto wa chuo,

Salamu. Mimi ni yule mnayemwita Bi Gundi. Hii barua naiandika mwenyewe, makosa ya herufi utanisamehe.

Shangazi yako alikuja Jumapili. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeleta habari ya msiba, nikamwambia aingie, atanichosha shingo. Akanisomea nakala ya barua aliyokuandikia, yote, hakuruka. Nilimpa kiti na maji. Jibu sikumpa siku hiyo. Nilikuwa nalitafuta.

Sasa kwanza nikusahihishe, maana nasikia mnapenda usahihi. Si dakika arobaini. Nilikaa ofisini mle saa nzima na robo. Nilikuwa naitazama saa ya ukutani.

Pili, hili hajui mtu. Andika. Mle ofisini nilikaa nimeelekea meza ya shangazi yako. Droo haikufungwa sawasawa. Niliiona kona ya kadi yangu, na lebo nyekundu ya viberiti imegandia pale. Meneja alikuwa ananiuliza, “Kadi yako iko wapi?” na mimi naiona. Ningeonyesha kidole tu. Nilimtazama shangazi yako usoni, jasho linamtoka, nikamwambia meneja sijui.

Basi aliyeificha ni yeye, na aliyeificha ni mimi pia. Wenzangu waliponigeuka ningeweza kuwaambia kadi ilikuwa kwa nani. Wangemfukuza siku hiyohiyo. Sikusema. Kwa hiyo asijifanye ameubeba mzigo huo peke yake miaka yote hiyo, kama kwamba mimi nilikuwa gunia tu linalobebwa.

Mambo ya orodha nimeyaacha zamani. Kilichobaki moyoni ni kuvuka barabara. Kunipita mimi kama nguzo ya umeme! Hilo sijalisamehe na nimemwambia jana, nilipompelekea jibu nyumbani kwake. Alilia, nami nikamwacha alie, kisha tukazozana kuhusu siku ile kulikuwa na mvua au hapakuwa. Yeye anasema hapakuwa. Ilikuwepo. Atakuja kesho tuendelee.

Nimeambiwa shangazi yako amepewa namba ishirini na saba kwenye kitabu chako. Mimi niwekee ishirini na nane. Jina langu kamili nimeliandika nyuma ya karatasi hii, na kazi: mbandika lebo, zamu ya mchana. Andika kwamba aliyesema haya ameyaona kwa macho yake.

Mimi,
Bi Gundi